Sarafu ya Tembo Chini ya Kizingiti

Harufu ya saruji mbichi hunipandisha hasira mpaka leo. Watu wakimwaga sakafu mpya hufurahi, huita majirani waje kuona, nami nikialikwa huaga mapema nikaenda zangu. Nimeshaambiwa nina husuda kwa ajili hiyo. Sijibu, maana maelezo yake ni marefu na si ya kutolewa mlangoni kwa mtu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa nje kidogo ya Korogwe, kijiji kilichopakana na mashamba ya mkonge, katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga babu yangu mzaa baba. Babu alitoka Burundi. Alikuja kukata mkonge akiwa kijana, akamuoa bibi yangu, Mzigua wa Handeni, na kwao hakurudi tena. Alikufa kabla sijazaliwa. Bibi ndiye aliyenilea, kwa sababu mama yangu alikuwa hajiwezi miaka ile. Alikuwa amezika watoto wawili mfululizo, wote wakiwa hawajafikisha arobaini. Nililala na Bibi kitanda kimoja, nikala naye bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda sahani moja, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni nani avute shuka.

Jumamosi moja Baba alileta fundi avunje kizingiti cha udongo cha mlango wa mbele, amwage cha saruji. Ndoo ya kwanza ilikuwa imeshakorogwa, harufu imejaa uani, jembe la fundi likagonga kitu. Akainama, akatoa kifurushi cha kaniki nyeusi iliyooza. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma cha rangi ya shaba, si cha duara bali cha pembe sita, na upande mmoja kimechorwa tembo anatembea. Fundi alikiachia kikaanguka, akajifuta mikono kwenye suruali.

Siku hiyo Mama Mkubwa alikuwepo, dada yake mama, aliyekuja kumuuguza mdogo wake. Alikuwa akiuza chakula kwa abiria wa mabasi pale Mombo, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Lakini siku hiyo alisema taratibu.

"Fingo hilo."

Fingo, kama kwenu halijulikani, ni dawa inayofukiwa mlangoni ili anayevuka apate madhara. "Mdogo wangu anavuka hapa na mimba zake, watoto wanakufa," alisema. "Sasa niambieni, nani amekaa nyumba hii tangu ijengwe?"

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Bibi alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchicha mapajani. Alikiangalia kile kitambaa, akamwangalia Baba kwa muda, kisha akaendelea kuchambua mchicha wake.

"Mama," Baba aliuliza, "unakijua hiki kitu?"

"Kifukie ulipokikuta," Bibi alijibu.

Basi. Hakuongeza neno. Angelia, angeapa, angewatukana wote, ingekuwa afadhali. Ule utulivu wake ndio uliommaliza. Majirani walianza kujisogeza, mmoja akasema lisemwalo lipo, mwingine akakumbuka kuku wake waliokufa mwaka juzi. Kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Kile kitu kitawekwa kwenye ungo na kufunikwa majivu mpaka mganga aje kukichukua, na Jumatatu Bibi atasafirishwa Handeni, kwa kaka yake, akae huko. Baba yangu, mtoto wa pekee wa yule mama, aliinamisha kichwa akasema, "Sawa."

Ile "sawa" niliisikia kwa masikio yangu haya. Nilimpenda baba yangu, na Mungu amrehemu, lakini sitasema sikuisikia.

Nilikuwa mtoto mbishi. Mwalimu wangu alishakata tamaa ya kunichapa. Nilikuwa nimekiona kile kitu vizuri kuliko wakubwa, kwa kuwa wao walikuwa wanaogopa kukisogelea, na upande wa pili kilikuwa na namba mbili. Nikawaza kwa akili yangu ya miaka kumi: uchawi hauna namba. Chenye namba ni hela. Na mchawi gani mwenye nafasi ya kuchora tembo mzuri namna ile? Nikaenda kwenye ungo, nikaingiza mkono kwenye majivu.

"Acha! Mkono utaoza," Mama Mkubwa alisema.

Nilimtazama usoni, nikakitia kile kitu mdomoni. Kilikuwa kichungu, kina ladha ya majivu na misumari. Kisha nikakimbia, na nyuma yangu nilisikia wanawake wakimtaja Mungu.

Nilianzia dukani. Mwenye duka alikigeuzageuza akasema hiyo ni hela kweli, lakini si ya Mjerumani wala si ya Mwingereza, hizo anazijua. "Nenda kwa Mzee Nzeyi," alisema. "Hao ndio waliokuja na vitu vya kwao."

Mzee Nzeyi alikuwa fundi baiskeli kwenye kambi ya zamani ya wakata mkonge, mwendo wa nusu saa kupita katikati ya mistari ya mkonge. Alitoka nchi moja na babu yangu, walikuja safari moja. Nilimpa shikamoo nikiwa natweta, nikamwekea kile kitu mkononi. Alikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka herufi zikajitokeza.

"Hii ni faranga mbili," alisema. "Hela ya Mbelgiji, ndiyo tuliyokuwa tukitumia kwetu. Tulizishona kwenye pindo za kaptula tukidhani zitatufaa, tukafika huku hakuna duka linalozipokea. Wengine tulizitupa. Babu yako alikataa katakata kuitupa ya kwake. Mmeitoa wapi?"

Nilimweleza yote, na ya Jumatatu nikamweleza. Akaweka spana chini, akanipakia nyuma ya baiskeli.

Tulipofika watu walikuwa bado wamejaa uani. Mzee Nzeyi hakukaa alipokaribishwa. "Hii ni hela ya marehemu," aliwaambia. "Alinionyesha wiki mwanawe alipodondosha kitovu. Alisema, mwanangu amezaliwa mahali ambapo mimi ni mgeni, nataka kitovu chake kilale na kitu kilichotoka kwetu. Kaniki alichana mkewe, ya kwake mwenyewe. Mlichokifukua ni kitovu cha huyu," akamwonyesha Baba.

Baba alilitazama lile shimo mlangoni kwa muda mrefu. Mama Mkubwa alijifunika mdomo kwa khanga. Mimi nilisimama katikati ya uwanja nimetunisha kifua, nangoja Bibi aje kunikumbatia.

Bibi alikuja, akanishika sikio. "Nani alikutuma?" Kisha akamgeukia Mzee Nzeyi. "Shemeji, umekitangaza kitovu cha mwanangu mbele za watu."

Hilo sikulielewa. Kwa Bibi, mahali hasa kitovu cha mtoto kilipofukiwa panajulikana na wazazi tu, kwa maana anayepajua anaweza kumdhuru mwenye kitovu akitaka. Angesema neno moja asubuhi ile angejiokoa, na majirani wote wangejua pa kumpatia mwanawe. Akachagua kuitwa mchawi.

Baba alipiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa. "Mama, nisamehe. Usiondoke."

"Nimekusamehe," Bibi alisema. "Fukia hapo, na Jumatatu nitasafiri."

Na alisafiri. Aliishi Handeni mpaka alipofariki. Baba alikwenda kila mwezi na sukari na sabuni, akapokelewa vizuri, akapikiwa, akaombewa dua, na kila mwezi akarudi peke yake. Mdogo wangu alizaliwa mwaka uliofuata, akajifunza kutembea kwa kuvuka mlango ule ule, sarafu ikiwa chini yake, na leo ana ndevu na watoto watatu. Mama Mkubwa alikuwa akimbeba mgongoni, na kuhusu fingo sikumsikia akisema tena.

Likizo moja nilimfuata Bibi Handeni nikamuuliza kwa hasira. Nilikuwa nimethibitisha, nilimwambia. Watu wote waliona. Kwa nini hakubaki?

Alikuwa akipukuchua mahindi, hakuacha. "Umri wote ule nimemlea," alisema, "na siku ile mwanangu alihitaji kuletewa hela ya marehemu ndipo ajue kuwa mimi si mchawi."

Nilikasirika, nikaona hana shukrani. Nilikuwa nimekitia kile kitu mdomoni kwa ajili yake, nikakimbia peku, nikarudi na shahidi. Ilinichukua miaka mingi, na kuwa mama mwenyewe, kuelewa kwamba asubuhi ile alipomwangalia Baba hakuwa anangoja shahidi. Kisha nikaelewa lililo baya zaidi: baada ya Baba alikuwa na mimi pale, na mimi pia nilikimbilia ushahidi.

Kukimbia sijutii. Wakinipa utoto wangu tena nitaipokonya sarafu ile kwenye majivu mbele ya mganga mwenyewe. Lakini kabla ya kukimbia nitasimama mbele ya baraza, mikono mitupu, sijui hata kile kitu ni nini, niwaambie wote waliopo: huyu ni bibi yangu, na si mchawi.