Kete Iliyoinama

Wanafunzi ndio waliomwita Mama Upawa, na jina likamganda hadi walimu wakasahau jina alilokuja nalo. Alikuwa mpishi wa shule, na sauti yake ilitosha kunyoosha foleni ya watoto wenye njaa bila kumgusa mtu. Siku tunayoisimulia alikuwa mjane, amesimama mlangoni pa ukumbi wa tamasha la michezo ya mezani, amekumbatia ubao uliofunikwa taulo. Nyuma yake umati ulisukumana utadhani ndani kunagawiwa pepo. Waliouza tiketi waliuza bila kuuliza ukumbi una ukubwa gani.

Ubao ule aliuchonga mumewe, ambaye alikuwa seremala. Mchezo wenyewe aliubuni na rafiki yake kinyozi enzi za ujana wao, walipokuwa wakingoja wateja ambao hawakuja. Kuna kete nyeusi na nyeupe, na kila upande una kete kubwa moja iitwayo mzee. Anayemvusha mzee wake hadi upande wa pili ndiye mshindi, basi. Kila kete ina kijiti chini kinachoingia kwenye tundu, ili mchezo ubebwe kutoka chumba hadi chumba bila kuvurugika. Seremala alikuwa akimfuata mkewe na ubao mpaka jikoni, anamwambia, "Zamu yako, achana na vitunguu."

Walikuwa pia na desturi, ambayo seremala alitoka nayo kwa yule kinyozi. Ukifika ubaoni na mwenzako hayupo, unazipanga kete zote, zake na zako, kisha unamwachia aanze yeye. Mara nyingi mama huyu alirudi kazini mgongo unamuuma, akakuta ubao umepangwa unamngoja. Seremala hakuwa mtu wa maneno matamu, na mkewe hakumdai.

Seremala alipolazwa hospitalini, ubao ulikwenda naye wodini. Mchezo wao wa mwisho ulimwendea vibaya, mzee wake mweusi akazingirwa. Alimtazama kwa muda mrefu, akamshika kichwa, akaanza kumchomoa. Kijiti kilipotoka nusu, nguvu zikamwishia, akarudisha mkono juu ya shuka.

"Ngoja kwanza nifikirie," alisema. "Usiguse."

Mkewe hakugusa. Alipofika asubuhi kumletea uji, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Kinyozi alisafiri kuja kuzika, lakini siku hiyo ubao ulikuwa bado umefungiwa kwenye begi la hospitali, na mjane hakuwa na moyo wa kulifungua. Alipolifungua, mzee mweusi alikuwa vilevile, nusu ndani nusu nje, ameinama. Akauweka ubao mezani. Vumbi alikuwa akilipuliza kwa mdomo, hapitishi kitambaa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kujua mumewe alitaka kwenda wapi. Yeye mwenyewe hakuona njia. Mtu pekee aliyeujua moyo wa seremala kwenye ubao ule alikuwa kinyozi, na kinyozi alikaa mji wa mbali, ila hakosi tamasha hili kila mwaka. Alimpigia simu akamwambia kuna kitu anataka akione. Hakueleza zaidi, maana angelia. Kupiga picha hakukumwingia akilini. Nani anapiga picha ya kitu anachoamka nacho kila siku? Wapo watakaosema huo ni ubao tu. Hao tuwaache na ujinga wao, siku yao itafika.

Alipenya mlangoni kwa viwiko. Alikanyagwa, akatukanwa na kijana aliyevaa mapembe ya karatasi, akabanwa kwenye nguzo hadi akakosa pumzi, lakini kifua chake hakikuachana na lile taulo. Alipata meza ukutani, akafunua. Mzee mweusi alikuwa bado ameinama. Mama wa watu akashusha pumzi, akakaa.

Hapo kipaza sauti kikatangaza kwamba kampuni moja inagawa maboksi ya mchezo mpya bure, atakayewahi kapata. Ikawa patashika nguo kuchanika. Watu wazima wenye ndevu walipanda juu ya viti. Kadi zilimwagika zikakanyagwa, meza mbili zikaenda chini, na dada mmoja akaanguka katikati, watu wakawa wanampita juu kwa juu. Msimamizi mwenye fulana ya njano alikuwa akisema, "Jamani, mstari, jamani," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Mama Upawa alivumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. Aliurudishia ubao taulo, akamwambia binti aliyekuwa akiuza dadu meza ya jirani, "Mwanangu, niangalizie hapa. Mtu yeyote asiguse."

"Sawa, mama."

Akapanda juu ya kiti. "Wewe mwenye mapembe, rudi nyuma! Nyote rudini nyuma, kuna mtu chini! Mstari mmoja, mkono begani kwa mwenzako!"

Ukumbi ukatulia kidogo. Kisha vijana kadhaa wakageuka, maana sauti ile waliijua tangu wakiwa na kaptula. "Mama Upawa huyo," mmoja alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe begani kwa aliyekuwa mbele.

"Na wewe nakukumbuka," alimwambia. "Ulikuwa unapita mara mbili kwenye maharage. Leo utapita mara moja."

Watu wakacheka, na waliocheka wakaacha kusukumana. Dada aliyeanguka aliinuliwa, akapewa maji. Mstari ukanyooka mpaka mlangoni. Mama Upawa aliukagua mwanzo mwisho, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijisikia kuwa bado ni mtu. Alikaa kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alifurahi, na nani angemlaumu.

Aliporudi, kinyozi alikuwa amekaa kwenye meza yake, kofia gotini, uso umejaa tabasamu. Taulo lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni.

"Shemeji, karibu. Nimeshakupangia," alisema. "Anza wewe."

Kete nyeusi zilikuwa zimejipanga upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Wazee wote wawili walikuwa wamesimama wima nyuma ya watu wao.

"Nilimkataza," binti wa dadu alisema. "Akaniambia yeye ni ndugu."

Mama Upawa alikaa. Alimweleza kinyozi kwa maneno machache: wodi, mkono, usiguse. Tabasamu la kinyozi likaondoka taratibu.

"Nilidhani umecheza na watu wa hapa mkaacha njiani," alisema. "Mungu wangu, shemeji. Unakumbuka zilivyokuwa?"

Alizikumbuka. Alizichomoa moja moja akazirudisha kwenye matundu yake bila kusita hata mara moja, kisha akamweka mzee mweusi katikati ya kete zake nyeupe na kumwinua nusu. Kinyozi aliinamia ubao. Alikaa hivyo, midomo inacheza, kisha akainua kichwa.

"Aliinamia wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Akiinamia huku kushoto, basi aliiona njia. Kuna tundu moja la kupenyea, na angekushinda. Akiinamia huku kulia, anajikabidhi kwako. Alikuwa amekubali yaishe."

Mama Upawa akamwinamisha kushoto. Ilikuwa sawa kabisa. Akamwinamisha kulia, na hapo napo ilikuwa sawa. Jana angeulizwa angejibu hata usingizini, lakini sasa kila alivyomgusa ndivyo alivyozidi kumpoteza, na mkono uliokuwa ukimwinamisha ulikuwa wake yeye, si wa mumewe. Akajaribu tena kushoto. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ni kushoto," kinyozi alisema. "Namjua yule bwana, hakuwa mtu wa kukubali."

"Ulipomchomoa, uliona ameinama kushoto?"

Kinyozi alishika kofia yake, akaigeuzageuza.

"Shemeji, sikuangalia."

Kule mbele maboksi yaliisha kabla mstari haujaisha, na kelele zikaanza upya. Msimamizi wa fulana ya njano alikuja mbio, akasimama mbele ya meza akihema. "Mama, tusaidie tena." Mama Upawa alimkandamiza mzee mweusi kwa dole gumba mpaka kijiti kikazama chote tunduni. Seremala alijua kazi yake, na kete haikuyumba hata kidogo.