Tangazo la Siku Thelathini

Halmashauri ile ilikuwa na magari saba, wahandisi wawili na mbandika matangazo mmoja. Magari matano yalikuwa mabovu, mhandisi mmoja alikwenda masomoni na hakurudi, ila mbandika matangazo hakukosa kazini hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Walimwita Gundi. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho tu, likila vumbi.

Sheria ilitaka mradi wowote mkubwa utangazwe kwenye eneo lenyewe kwa siku thelathini, ili wenyeji wasome, wanune, na asiyeridhika aandike pingamizi. Waliotunga sheria hiyo hawakuwahi kuishi na ukuta wa mtaani. Karatasi ikilala nje leo, kesho imefungia karanga. Mwaka wake wa pili kazini, Gundi alirudisha ofisini tangazo lenye alama ya kiatu, na watu wa masijala wakamfokea kama mwizi wa kuku. Jalada linataka nakala yenye mhuri, safi, isiyo na kunyanzi!

Basi akajitungia utaratibu. Alipaka gundi kidogo kwenye pembe, akabandika, akapiga picha, kisha akabandua. Nyumbani alilinyoosha tangazo kwa pasi. Mwezi ukiisha, alilipeleka masijala pamoja na picha na fomu aliyoitia saini: nimeshuhudia tangazo likiwa mahali pake kwa muda wote. Masijala wakamsifu. Hakuna aliyejiuliza karatasi iliyopigwa jua na mvua mwezi mzima inawezaje kurudi nyeupe pe kama sanda.

Ndivyo alivyolifanya na tangazo la kiwanda cha zamani. Kiwanda kilishakufa, kimebaki kuta na popo, na sasa mwekezaji alitaka kupandisha maghorofa. Tangazo lilisema "eneo la kiwanda na viunga vyake, viwanja namba 112 hadi 147". Chini yake palikuwa na ramani iliyotolewa nakala ya nakala ya nakala, mpaka mipaka ikafanana na chai iliyomwagika. Mtaani hakuna aliyejua namba ya kiwanja chake. Nyumba zilijulikana kwa bomba, kwa mbwa mkali, kwa mjane.

Alibandika kwenye geti la kiwanda, akabandika zahanati, akamalizia ukutani kwa dada yake, kwa kuwa kwa dada hapakosi chai. Huyu dada mkubwa alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Ndiye aliyemlea Gundi tangu mama yao alipofariki, na nyumba ile, ambamo Gundi bado alilala, aliijenga mwenyewe, kaptula kwa kaptula, mpaka ikapata bati.

"We Gundi, hilo nalo linasemaje? Miwani yangu imevunjika."

"La kiwanda, dada. Wenye vyao wanajenga huko ndani. Sisi halituhusu."

"Basi libandue, linanitoa rangi ukutani."

Akalibandua. Chai ilikuwa haijapoa.

Siku ya arobaini na tatu wapima ardhi walikuja, wakapigilia kigingi cha chuma kati ya mlango na cherehani, wakaomba samahani, wakaenda zao. Dada akafungua sanduku, akatoa hati ya kiwanja. Namba 131.

Gundi alipofika alimkuta ameketi, hati mapajani.

"Ulisema halituhusu."

"Dada, wallahi sikujua. Zile namba..."

"Miaka kumi na tisa uko mle ndani. Usizijue wewe, nizijue mimi na sindano yangu?"

Kilichobaki ni kikao cha kamati ya mipango, ambacho kingepitisha mradi wiki hiyo hiyo, na raia waliruhusiwa kusikiliza.

Siku ya kikao Gundi alikuwa kazini, akigawa maji ya chupa mezani. Dada alikaa benchi la nyuma na gauni lake la misibani. Afisa mipango akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi: "Pingamizi zilizopokelewa, hakuna. Hivyo wananchi wameunga mkono mradi."

Dada akasimama. "Mimi napinga. Nyumba yangu imo, ile ya cherehani."

"Mama, muda umepita. Tangazo lilikaa siku thelathini, tena ukutani kwako." Akainua picha. Ukuta ulikuwa wake, na cherehani ilichungulia pembeni.

"Lilikaa muda wa kikombe kimoja cha chai."

"Nani shahidi wako?"

Dada alitazama sakafu. Aliangalia kila kigae kilichokuwepo, ila hakumwangalia mdogo wake hata kwa kuibia, na hapo ndipo Gundi alipoelewa kwamba alikuwa anamlindia kibarua chake. Akaweka chupa mezani.

"Mimi ndiye shahidi," alisema. "Nililibandua siku ile ile. Huwa nayabandua yote. Miaka yote."

Diwani mmoja akacheka, akadhani ni utani. Mwenyekiti hakucheka. Aliinama kwa mwanasheria, wakanong'ona, kisha akakohoa.

"Kamati imesikia. Kauli ya mtumishi aliyekiri mwenyewe kuwa ni mwongo haiwezi kuaminiwa."

"Na fomu aliyosaini mwongo huyo huyo?" dada akauliza.

"Fomu ina mhuri, mama."

Mradi ukapita kwa mikono yote, hata wa yule aliyekuwa anasinzia. Halmashauri ile ilijibu barua za wananchi baada ya mwaka, lakini barua ya kumsimamisha kazi Gundi iliandikwa, ikasainiwa na kumfikia kabla hajamaliza kukusanya chupa tupu.

Walirudi kwa miguu. Kizingitini dada akamwambia, "Ungenyamaza, angalau mmoja wetu angekuwa na pa kwenda asubuhi."

"Ningenyamaza ningekuja kulala wapi, dada?"

"Sasa ndo utalala wapi?"

Walipewa siku kumi na nne. Siku ya kumi na mbili dada aliamua kuezua bati mwenyewe, maana tingatinga halichagui bati na mbao. Akavaa suruali ya kazi, akafunga kilemba, akaanza kupanda.

"Shika ngazi vizuri," alisema bila kugeuka. "Hiyo ndiyo kazi uliyobaki nayo."

Gundi akaishika kwa mikono miwili. Misumari ikaanza kudondoka, mmoja mmoja, ikimpiga mabegani, naye hakukwepa.