Kefa na Msumeno wa Watu Wawili

Asubuhi hii ya Juni 1952 ukungu wa Mbozi haujainuka, lakini Kefa amekwisha kupanda gogo la mninga lililolazwa juu ya shimo, msumeno mkononi. Chini shimoni, anayevuta ncha ya pili ni mkewe, Loisi. Amejifunga kitambaa usoni, na vumbi la mbao linammwagikia mabegani.

Kazi ya shimoni ni ya mwanamume mwenye kifua. Ila huku jirani na Vwawa hakuna mwanamume anayekubali kushika msumeno na Kefa, hata kwa ujira mara mbili.

Kisa ni maziko. Miaka miwili iliyopita alifariki jirani yake, Jonasi. Siku ya kuzika, hapa haliinuki jembe wala shoka. Kefa alichonga gogo mchana kutwa, na mlio wa shoka lake ukafika makaburini.

"Jonasi sikumuua mimi," ananiambia. "Nimekaa migodini Rodesia miaka sita. Kule mtu anafanya kazi yake, haulizwi na yeyote. Nimerudi kwetu, loo! Hata mkono wangu niuombee ruhusa?"

Wazee walimtoza mbuzi mmoja, na neno moja mbele ya watu: nimekosa.

"Mbuzi ninaye, yule pale. Neno ndilo sina."

Basi wakamwachia uhuru wake wote, aufaidi peke yake. Zamani alipasua mbao kumi na mbili kwa siku. Sasa akipata nne anashukuru. Mwaka jana surua ilimchukua binti yao, Priska, wa miaka mitatu. Hakuja mtu. Kefa alichimba kaburi peke yake, Loisi amekaa pembeni, amempakata maiti wa mwanawe.

Namuuliza: siku ile hakutamani kulisema lile neno?

Kefa anageuza uso. "Nilitamani sana. Ndiyo maana sasa siwezi. Nikilisema leo, basi mwanangu alizikwa vile bure."

Mpango wake anao. Ameweka darini mbao sita safi, zisizo na fundo. Jeneza lake atalitengeneza mwenyewe, asimsumbue mtu.

Loisi anatoa kichwa shimoni, anapangusa macho.

"Na kulibeba, Baba Priska? Mimi nitashika upande mmoja. Wa pili nani?"

Kefa anaurudisha msumeno kwenye mstari, anasubiri mkewe avute.