Tundu Alilolikalafati Baba

Pikipiki ile niliifungua injini mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimechoka hata kuilaani. Ilikuwa kuukuu tangu ilipofika Bagamoyo. Meneja mmoja wa shamba la mkonge aliitumia mpaka ikamshinda, akamwachia dresa wa zahanati, naye dresa akaniletea mimi, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kutoka vitani na kitu kinachofanana na ufundi. Kuwaka iliwaka vizuri. Ugonjwa wake ulikuwa kuvuja. Ukiisimamisha dakika tano, chini yake pana dimbwi, na dresa alikuwa akifika Mlingotini kuwachoma watu sindano na suruali yake nyeupe imekuwa nyeusi mpaka gotini.

Iliporudi mara ya pili ikivuja, dresa hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Fundi, nakupa mpaka Jumatatu," alisema. "Ikivuja tena naipakia kwenye lori, naipeleka Dar es Salaam."

Alikuwa mteja wangu pekee mwenye injini. Wengine waliniletea taa za karabai na cherehani. Nami nilikuwa nimempa baba ahadi kwamba kibanda changu cha ufundi kikishindwa, nitarudi ufukweni kushika nyundo yake. Baba alikuwa fundi wa kalafati. Maisha yake yote alishindilia pamba iliyochovywa katika sifa, yale mafuta ya papa, kati ya mbao za mashua ili maji yasiingie. Mgongo wake ulikuwa umepinda, macho yamefifia, na mwana wa kiume alikuwa naye mmoja tu, ndiye mimi. Sikuitaka nyundo ile. Harufu ya sifa ilinichefua tangu utotoni, na niliona haya kumwambia hivyo mtu aliyenilisha kwayo.

Basi nikaanza upya. Kila kitu nilikiosha kwa mafuta ya taa. Pale chuma kinapokutana na chuma nilisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, mpaka mkono ukafa ganzi. Gasketi, vile vipande vya kuziba maungio, nilizikata kutoka karatasi ngumu, nikiigongagonga pembeni kwa nyundo ndogo hadi ukingo wa chuma wenyewe uikate. Nilipaka sandarusi, ile gundi ya miti, niliyoiyeyusha katika spiriti, nyembamba, upande huu na huu, nikangoja ianze kunata ndipo nikafunga. Kazi ya kuziba mafuta ni kungoja tu, na subira yangu ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Jumamosi asubuhi baba akaja, akaketi juu ya debe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado tu?"

"Bado."

Akaanza kuipapasa injini kwa vidole, kama alivyozoea kupapasa tumbo la mashua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, natafuta washa ya shaba, kile kipete cha bolti, iliyoniponyoka ikaingia mchangani.

"Hapa umeacha tundu," akasema.

"Lizibe basi, baba."

Sikuinua kichwa. Nilisema kama mtu anayeombwa ruhusa ya kufunga mlango. Alikuwa na kikapu chake cha kazi, hakwenda popote bila hicho, nikasikia akigonga taratibu. Washa nikaipata. Nikaendelea kufunga yaliyobaki, nikakaza bolti ya mwisho, nikaenda kulala mchana kweupe na mafuta yangu mikononi.

Jumatatu dresa aliondoka mapema. Kabla ya adhuhuri nikamwona anarudi kwa miguu, anaisukuma. Hata Mlingotini hakufika. Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye silinda, kwenye vifuniko, na mahali pengine ambapo sikuwahi kujua kuwa pana maungio.

"Kwanza ilikuwa inavuja," dresa akasema. "Sasa inatoka jasho mwili mzima."

Hakuwa anatania. Nikamwomba aniachie mpaka alasiri, akaniachia, nadhani kwa sababu na yeye hakuwa na nguvu za kubishana.

Niliketi mbele ya injini ile nisijue nianzie wapi. Nikafungua kibomba cha kupumulia kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Injini ya namna ile lazima ipumue. Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa ikikosa pa kutokea hutafuta kila upenyo na kutoka na mafuta. Nyuma ya kibomba tundu halikuwepo. Palikuwa na pamba, imeshindiliwa na kusawazishwa na chuma, inanuka sifa. Kibomba nilikifunga mwenyewe juu yake bila kutazama.

Kuichokoa kwa msumari kulinichukua karibu saa nzima. Kila nilichokiziba mimi kilikuwa kimevuja, hicho cha baba peke yake kilishika.

Hapo hasira zikanipanda. Nikajiambia kwamba mzee alijua. Anaitaka ile nyundo ipate mtu, ndiyo maana akaniziba pumzi. Pamba nikaitia mfukoni. Nikafuta injini, nikarudisha kibomba, nikaiwasha ikanguruma muda mrefu, chini pakavu. Alasiri dresa akaizungusha mji mzima, akashuka, akapitisha leso yake nyeupe chini ya injini, akaitazama.

"Kesho nakwenda Mlingotini," akasema, akaikunja leso.

Sikufurahi hata kidogo. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nimeshaandaa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Baba alikuwa barazani, hana kikapu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Limevuja?"

"Lipi?"

"Lile tundu langu. Tangu Jumamosi silali. Macho haya hayaoni tena, nilifanya kwa kupapasa. Nikawa najiambia, likivuja, mwanangu atarudi kwenye nyundo kwa makosa yangu mimi." Akajaribu kunyoosha mgongo, ukamkatalia. "Nami sitaki uishike. Kazi hii imenimaliza. Leo asubuhi kikapu chote nimempa fundi mwenzangu, nyundo na yote, nisije nikakuona nayo."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika ile pamba. Hasira iliniishia, ikabaki aibu. Alikuwa amenielekezea uso, anangoja jibu.

"Halikuvuja hata tone, baba," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli mtupu.