Sehemu ya Pili Ilishatoka Bwera

Kasese nzima haina habari na vitabu, isipokuwa inapotaka kuniuliza changu cha pili kinatoka lini. Muuza nyama ananiuliza huku akinipimia mifupa kwa bei ya mnofu. Mwanamke wa duka la simu, ambaye najua fika hakuvuka kurasa za mwanzo, ananiuliza kwa sauti ya mtu niliyemvunjia ahadi ya ndoa. Hata imamu wetu, aliyewahi kusema kwamba hadithi za majini si kazi ya mwanamke wa Kiislamu, alinisimamisha nje ya duka la mjomba akataka kujua kama yule msichana aliufungua mlango au la.

Kitabu cha kwanza kilikuwa hivi: msichana mbeba chumvi anapanda milima yetu kumfuata kaka yake aliyechukuliwa na Mfalme wa Barafu. Anafika kwenye mlango wa barafu, anauwekea mkono, na hapo hapo kitabu kinaisha. Nilijiona fundi. Walionunua walikuwa madereva wa malori, maana huku kwetu Kiswahili ni cha barabarani na cha jeshini, na afande hana muda wa kusoma mambo ya majini. Madereva walikisoma kwenye foleni ya mpakani, wakakipeleka mpaka Butembo.

Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Yeye hakukisoma. Alikiuza tu, na kila aliyemuuzia alimwambia kwamba yule kaka wa kitabuni ndiye yeye. Alikuwa mwongo mzuri, watu walipenda kudanganywa naye. Kisha akapeleka mzigo wa sabuni upande wa pili wa mpaka, akapita Beni, simu yake ikazimika. Lori lilionekana kando ya njia, milango wazi, sabuni hakuna. Yeye hakuwemo, si hai wala maiti.

Hapo ndipo nilipowajua watu. Shangazi yangu, ambaye kazi yake kubwa duniani ni kwenda kwenye misiba kula, alisema kwamba mimi ndiye niliyemwandika kaka nikamfungia huko. Aliyasema mbele ya wageni, sambusa mkononi, hana haya. Sijamsamehe na sina mpango huo. Wajomba nao walitaka aswaliwe swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti ambaye mwili wake haupo, ili mkewe akae eda na mambo yaishe. Walisema hivyo kabisa, mambo yaishe, utafikiri wanazungumzia tairi bovu. Mama hakukataa kwa maneno. Kila walipolianza jambo hilo aliinuka akaenda kuchochea jiko, hata kama halikuwa na moto. Wakanigeukia mimi: wewe ndiye msomi, zungumza naye. Wanaume wazima, wenye malori na ndevu, wanamwogopa mwanamke mmoja aliyenyamaza.

Kitabu kikagoma. Katika mpango wangu wa zamani kaka wa kitabuni alirudi nyumbani, wakachinja mbuzi. Sasa nikimrudisha, ninaandika uongo na mama yuko chumba cha pili ananisikia nikigonga vitufe. Nikimuua, nimeshamswalia kabla ya imamu. Basi nikaandika kila kitu kingine. Nina sura nzima kuhusu ushuru ambao majini wa mlimani hutozana. Nina sura ya ugomvi wa koo mbili za ukungu. Nina vita vya nyumbu ambavyo havina mwanzo. Ni upuuzi mtupu, ingawa sentensi zake zimenyooka. Mchapishaji wangu wa Kampala yeye hupiga simu kuulizia ramani. Anasema vitabu vya aina hii lazima viwe na ramani. Mtu ambaye hajawahi kufika hata Katunguru anataka nimchoree ufalme wa barafu.

Siku moja dereva mmoja wa mjomba, akiwa anapakua mifuko ya saruji, aliniambia kwa huruma iliyonichefua, "Dada, wacha kujisumbua. Ile ya pili ilishatoka. Bwera wanaonyesha kila siku ya soko. Ndugu alirudi!"

Nilimuuliza nani anaonyesha. Akasema vijei. Vijei ni yule mtu wa kibanda cha sinema anayepunguza sauti ya filamu, akashika maikrofoni, akaisimulia kwa Kiswahili chake hata kama lugha ya filamu yenyewe haijui. Huyu alikuwa kijana wa Butembo, mkimbizi. Alikuwa amepata filamu moja ya Wazungu wanaopotea kwenye theluji, na juu ya picha zile alikuwa akisimulia hadithi yangu. Alipofika mahali nilipoachia, hakusimama. Alikuwa na filamu bado, kwa hiyo akaendelea.

Siku ya soko iliyofuata nilipanda lori la mjomba linaloelekea Bwera, mpakani. Mama alikuwa ametoka asubuhi kwenda kununua vitenge, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo, nami nikashukuru, sikutaka anione nikigombana na watu hadharani. Tangu Muhokya nilikuwa napanga matusi. Tulipokata kona ya Kikorongo nilikuwa nayo ya kutosha kumfukuza mwizi yeyote arudi kwao.

Kibanda kilikuwa cha mabati na joto lake halisemeki. Kilijaa wanawake wa Beni na Butembo, vifurushi miguuni, rozari shingoni. Kwenye ukuta, Mzungu mwenye ndevu nyekundu alikuwa akitambaa kwenye theluji. Huyo ndiye aliyekuwa kaka wa kitabu changu. Kaka yangu hakuwahi kuota ndevu za maana maishani mwake. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira.

"Mutazame!" vijei alipiga kelele. "Mulango inafunguka! Ndugu ya mutoto mwanamuke iko anatoka! Iko na barafu ku ndevu, njaa inamukamata, lakini iko muzima! Iko muzima, bamama!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alikuwa akilia na kucheka pamoja. Niliwaona wajinga, kila mmoja wao, wakimlilia Mzungu wa bandia. Nikasukuma njia kwenda mbele, mdomo tayari.

Kwenye benchi la kwanza aliketi mama. Hakuwa na kitenge hata kimoja. Mikono ilikuwa mapajani, viganja juu, kama anavyokaa anapoomba dua, na macho yalikuwa kwa yule Mzungu.

Vijei akaniona. Sura yangu iko nyuma ya kitabu, na alikuwa nacho mezani, kimechakaa, kimeshonwa upya kwa uzi. Akaisimamisha filamu. "Bamama, mama mwenye kitabu iko hapa!" Akanisogezea maikrofoni kwa adabu zote, kwa mikono miwili. "Mama, utuambie weye mwenyewe. Ndugu alirudia kweli, ao hapana?"

Wote walinigeukia isipokuwa mama. Yeye alibaki akiutazama ukuta, alipoganda yule Mzungu mguu mmoja hewani. Matusi yangu yote yalikuwa kwenye ulimi na hakuna hata moja lililonifaa. Mimi niliyewadharau wajomba kwa miezi mingi, sasa nilikuwa nimeshika maikrofoni mbele ya mama yangu, na swali lilikuwa lile lile waliloshindwa kumuuliza.

"Sijui," nikasema.

Maikrofoni ilikuwa na nguvu. Neno lilisikika mpaka nje, kwenye meza za nyanya.

Wanawake wakaguna. Nasi waandishi tunajua mguno wa msomaji aliyechoshwa. Mama ndiye aliyesema, bila kunitazama, na alikuwa anasema na yule kijana.

"Wacha huyu, hajui. Wewe endelea, mutoto yangu."

Kijana akaichukua maikrofoni, akabonyeza, na yule Mzungu akashusha mguu. Mama akajisogeza kwenye benchi. Nilidhani ananipa nafasi ya kukaa, kumbe nilikuwa nimemziba asione.