Chupa Mia Nne na Kumi na Mbili, Jibu Hakuna

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Médiatrice Ntirandekura amesimama kwenye mlango wa jiko la watu, kalamu mkononi, daftari kwapani. Mama mwenye jiko anamnyooshea chupa ndogo ya plastiki yenye mkojo wa binti yake. Médiatrice haipokei.

"Amekojoa saa ngapi?" anauliza.

Mama anasema asubuhi hii hii. Médiatrice anataka saa. Mama anafikiri kidogo, kisha anakumbuka kuwa kengele ya kanisa ilikuwa haijalia. Basi ni kabla ya saa kumi na mbili. Médiatrice anaandika. Jana jioni mtoto alikula nini? Ugali wa muhogo. Na huo muhogo ulilowekwa siku ngapi kabla ya kuanikwa? Mama anatazama chini, anasema mbili. Médiatrice anaandika mbili bila kukunja uso, maana amejifunza kwamba ukikunja uso leo, kesho utaambiwa nne.

Ndipo anaipokea chupa, anaibandika namba na kuitia kwenye kikapu chenye barafu iliyotoka kwenye jokofu la mafuta ya taa la zahanati.

"Chupa isiyo na saa ni maji machafu tu," anamwambia mwandishi wa makala haya wakiwa njiani kwenda nyumba ya pili. "Sisi tulitoa maji machafu miaka mitatu. Wakubwa wakayabeba, wakashukuru, wakaondoka."

Médiatrice ana miaka thelathini na mitatu. Ni msaidizi wa maabara katika zahanati ya Kijiji Namba Kumi na Nne, ndani ya makazi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Mpanda. Aliingia nchini mwaka 1972 akiwa na miaka minane, ameshika upindo wa khanga ya mama yake. Mafunzo yake ya kazi ni ya mwaka mmoja katika hospitali ya misheni. Maabara yake ni chumba kimoja chenye hadubini moja, na dirisha ndilo taa yake. Kazi aliyoajiriwa kufanya ni kutafuta malaria na minyoo. Hii ya alfajiri hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Ilianza na ukame wa mwaka 1992. Mahindi yalikauka, maharage hayakutoa ua, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Malori ya wanunuzi wa makopa, yaani muhogo mkavu, nayo yalikuwa yakifika kila wiki na hayasubiri mtu. Muhogo uliozoea kuvundikwa siku nne majini ili uchungu utoke ukaanza kutolewa baada ya siku mbili, halafu moja.

Mwezi wa tisa mwaka huo, Providence, mtoto wa jirani yake Emelyne, aliamka akashindwa kusimama. Alikuwa na miaka minne. Hakuwa na homa wala hakuanguka popote. Miguu ilikakamaa tu, magoti yakagongana, na tangu siku hiyo anatembelea ncha za vidole akijiegemeza kwenye fimbo mbili. Kabla mwaka haujaisha walikuwa watoto kumi na mmoja katika kijiji kimoja.

Wataalamu walikuja, na hilo Médiatrice halikatai. Walikuja makundi matatu, kwa nyakati tatu, kati ya mwaka 1993 na 1995. Wote walitaka mkojo, na sababu yao ilikuwa nzuri: mwili ukipambana na sumu ya muhogo huacha chumvi fulani kwenye mkojo, na wingi wa chumvi hiyo hueleza mtu amekula sumu kiasi gani siku za karibuni. Kila mara Médiatrice ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi. Jumla zilikusanywa chupa mia nne na kumi na mbili.

Kila kundi lilikuja na fomu yake. La kwanza lilichukua mkojo wa alfajiri, likampa kila mtoto namba. La pili lilichukua mchana, mtu akiwa ameshakunywa maji ya kutosha, likaipa namba nyumba nzima badala ya mtoto. La tatu lilichukua saa yoyote gari lilipofika. La kwanza liliandika majibu kwa miligramu, la pili kwa mikromoli, kipimo kingine cha wanakemia. La tatu liliandika tarakimu tupu bila kusema ni za kipimo gani. Hakuna lililoandika muhogo ulikaa majini siku ngapi.

Mwezi wa kumi mwaka 1995 kiliitishwa kikao Mpanda mjini ili majibu hayo yawekwe pamoja. Médiatrice aliitwa kwa kuwa ndiye aliyezijua nyumba. Aliomba kibali cha kutoka makazini, akasubiri mhuri siku sita.

"Mkojo wetu ulisafiri mpaka Ulaya bila kibali," anasema. "Mimi kufika Mpanda mjini nilihitaji karatasi yenye mhuri."

Kikaoni wakatandaza makaratasi mezani. Wakapekua asubuhi nzima. Mtoto namba thelathini na saba wa kundi la kwanza hakuna aliyeweza kusema yuko nyumba ipi ya kundi la pili. Za kundi la tatu hata kusomeka hazikusomeka. Saa saba mwenyekiti alivua miwani, akatangaza kwamba takwimu hazioani na kwamba njia iliyobaki ni kukusanya upya.

Médiatrice akanyoosha mkono. Alisema wazazi hawatatoa mara ya nne, na kwamba kama ni kukusanya upya, basi kwanza wote wakubaliane fomu moja. Mtaalamu mmoja, kijana kuliko yeye, alimtazama kwa upole uliomuuma kuliko matusi.

"Dada, masuala ya fomu tuachie wataalamu," alimwambia. "Hebu tusaidie na chai."

Alimimina chai. Anasema alimimina vikombe tisa, na kwamba hasira iliyomjaa siku ile haijamtoka mpaka leo wala haombi imtoke.

Lakini lililomvunja halikuwa la mjini. Aliporudi, Emelyne alimkuta kisimani. Hawakuwa wamegombana hata siku moja tangu wawe majirani.

"Mkojo wa mwanangu mliupeleka wapi?" Emelyne aliuliza. "Mara tatu nimetoa. Mnisomee basi hata mstari mmoja."

Makundi yote yalikuwa yameondoka na majibu yao. Na katika miaka hiyo mitatu ya kukusanya na kuondoka, watoto wengine tisa walikuwa wamekakamaa miguu.

"Tisa," anarudia, akionyesha kwa vidole. "Walikuwa na majina. Kama zile karatasi zingezungumza lugha moja, tungejua chanzo mapema. Msiniambie takwimu hazioani kana kwamba ni mvua haikunyesha. Kuna watu hawakutaka kukaa chini wakaelewana."

Alichukua daftari la mistari, akaanza kuandika mambo ambayo chupa haipaswi kukosa. Namba ya mtoto, moja, isiyobadilika aje nani. Saa ya kukojoa. Tarehe, maana mwezi wa njaa si sawa na mwezi wa mavuno. Alichokula. Siku za kuloweka. Kipimo cha jibu, kimoja kwa wote. Alifuta, akaandika, akafuta. Ikawa mistari kumi na mitano katika ukurasa mmoja.

Kisha alipanda baiskeli hadi zahanati ya misheni upande wa Kabungu kumwona Alois, fundi wa maabara wa hapo, mtu mwenye maneno machache na ndevu za mvi. Alois alikataa. Alisema tayari ana fomu tatu za wafadhili watatu, ya nne ataijaza kwa mkono upi? Médiatrice hakubishana. Alimwomba tu amwonyeshe, kwenye hizo fomu tatu, mtoto mmoja yuleyule.

Alois alitafuta hadi chai ikapoa. Hakumpata. Alifunga daftari, akavuta karatasi ya Médiatrice na kuongeza kitu kwa kalamu yake: je, mtoto alikuwa na homa siku hiyo? Ndiye pia aliyemfundisha kugeuza miligramu kuwa mikromoli. Kumbe ni hesabu ya kugawanya tu, ambayo watu wa kikao walishindwa kuifanya kwa kuwa hakuna aliyejiona anapaswa.

Karatasi rimu mbili alizitoa Lukmani, mwenye duka la madaftari karibu na Kawajense. Aliuliza za nini, akaelezwa, akasema na yeye mama yake hula muhogo. Mashine ya kudurufu ilikuwa ya parokia. Zahanati tatu zikakubali kuijaza fomu hiyo na kuacha nyingine zote pembeni.

Kuwashawishi wazazi kulichukua miezi minne. Emelyne alikuwa wa mwisho. Aliisoma fomu yote kwa kidole, akasema kuna kitu kimesahaulika. Akaelekeza chini kabisa. Hapo ndipo ulipoandikwa mstari wa mwisho: Jibu limesomwa kwa mzazi, tarehe fulani, sahihi ya mzazi.

Mwaka 1996, kati ya mwezi wa nane na wa kumi, zilikusanywa chupa mia moja themanini na sita, chini ya nusu ya zile za mwanzo. Zilipanda treni ya Tabora kwenye sanduku la barafu, zikafika maabara moja Dar es Salaam ambako mwanafunzi wa zamani wa Alois alikubali kuzipima. Majibu yalirudi kwa posta baada ya wiki saba.

Médiatrice na Alois waliyapanga mezani kwa siku za kuloweka. Hawakuhitaji mtaalamu. Watoto wa nyumba zilizoloweka siku moja walikuwa na sumu karibu mara sita ya wale wa siku nne. Kila zahanati ilisema hivyo hivyo.

Majibu yalisomwa nyumba kwa nyumba, kila mzazi akatia sahihi. Emelyne alisikiliza la kwake, akauliza kama miguu ya Providence itanyooka. Médiatrice alimwambia ukweli kwamba haitanyooka. Jioni hiyo Emelyne ndiye aliyesimama mbele ya wanawake wenzake, akawaambia malori ya makopa yasubiri siku nne au yarudi matupu. Tangu hapo kijijini hajapatikana mgonjwa mpya.

Hadithi ingeishia hapo kwa furaha. Lakini mwezi wa pili mwaka huu zahanati ilipokea kifurushi cha fomu mpya, zimepigwa chapa kwenye karatasi nzuri, na nembo ya shirika moja juu. Zilikuwa na mistari ya Médiatrice, neno kwa neno, hata lile swali la homa. Jina lake halikuwamo. Hilo anasema angelimeza. Asichokimeza ni kwamba mstari wa mwisho, wa kumsomea mzazi jibu, ulikuwa umeondolewa. Aliandika barua kuuliza sababu, akajibiwa kwamba mstari ule hauna umuhimu wa kitafiti.

"Nyie mnasikia?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inapanda. "Mwenye mkojo hana umuhimu."

Fomu hizo nzuri anazitumia, kwa kuwa karatasi ni karatasi. Ila kabla ya kutoka na kikapu hukaa na rula na kuuchora tena ule mstari, kwenye kila moja, kwa wino mwekundu.

Mwezi wa sita anatarajia kwenda Kapalamsenga, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Muuguzi wa huko, Mwanaiddi, amemwandikia kwamba kuna watoto wanne wanaotembelea ncha za vidole na hakuna aliyewahi kuuliza wanakula nini. Ombi la kibali ameshalipeleka. Fomu mia mbili ziko tayari, na Alois ameahidi kufuatana naye.

Na wataalamu wakija tena na makaratasi yao?

Médiatrice anafunga kifuniko cha kikapu.

"Watakaribishwa," anasema. "Watapewa fomu yetu, na kalamu."