Damu Ilishuka, Nikaona Miguu ya Bibi Yangu

Bandugu, minyi njo Papa Ilunga wa samaki. Masomo nilikomea chini, lakini hapa Kamina nani hanijui? Nilianza na kikapo moja ya samaki kavu toka Mulongo, nikafika kulisha Base muzima, kambi ya baaskari. Vita ikakuya, treni ikasimama, sukari ikapotea. Mu nyumba yangu haikupotea! Nilikuwa nakunywa chai mbele ya mulango, tamu kama asali, bapita-njia baone mukubwa.

Bibi yangu, Mama Ilunga, akasema: «Baba Ilunga, unakojoa sana, tena unakonda.»

«Ni vita. Bantu bote banakonda.»

Jicho ya kushoto ikafifia pole pole. Nilisema ni moshi ya samaki. Kisha asubui moja, ku soko, nyuzi nyeusi zikashuka mu jicho ya kuume. Nikaona nyekundu. Kisha giza. Nilileta samaki ku pua, niijue kwa harufu.

Muchuuzi mwenzangu akacheka: «Papa, umekuwa paka?»

«Nishike mukono. Sioni.»

Ku hospitali, munganga akapima mikojo, akamulika macho. «Papa, sukari imejaa mu damu yako, imeharibu mishipa ya macho. Ya kushoto imekwisha. Ya kuume, mushipa umepasuka, damu imejaa ndani.»

«Itoe! Niko na uwezo.»

«Mashine haiko hapa, njia zimefungwa. Kunywa dawa, acha sukari. Ulale kichwa juu, damu inaweza kushuka yenyewe. Sikuahidii.»

Minyi mwenye kuamrisha bantu, nikalala nimeegemea magunia, kama mutoto mugonjwa. Juma zikapita. Niliomba Mungu anipe jicho moja tu.

Siku moja, chini kabisa ya giza, mwanga. Nikaona miguu! Visigino vimepasuka, vumbi ya soko juu yake.

«Mama Ilunga, ni weye?»

«Nani mwingine anauzisha samaki yako?»

Akalia. Kila siku mwanga ikapanda: kitambaa, mikono, mwisho uso. Munganga akaeleza: ndani ya jicho picha inasimama kichwa chini, njo maana damu ikishuka, sehemu ya juu ya jicho inafunguka kwanza, na kule njo vitu vya chini vinaonekana. Minyi musemaji, nikajiuliza: Nani alitengeneza kitu ya ajabu hivi ndani ya kichwa yangu?

Leo naona na moja, na ninaichunga. Asante Mungu, asante munganga, asante Mama Ilunga. Bandugu, jicho yangu haikuniuma hata kidogo. Musingoje maumivu. Mwende mupimwe sukari na macho sasa, mukingali munaona njia ya hospitali.